Singida: Bweni lisiwe jibu la kukosa gari

Uingereza, mwongozo wa serikali unashauri mtoto wa shule ya msingi asikae njiani zaidi ya dakika 45 kwenda shule. Mkoani Singida, wenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 49,000, mtoto mwenye ulemavu hahesabiwi dakika. Huhesabiwa mihula.

Mtoto asiyeona wa kijijini Mkalama au Manyoni hupelekwa shule ya bweni, kama Shule ya Msingi Mchanganyiko Ikungi. Mabweni haya yamefanya kazi kubwa. Kwa watoto wenye ualbino, katika miaka ile ya mauaji ya watu wenye ualbino, yalikuwa kinga ya uhai, na walimu wake wanastahili heshima. Lakini wapo watoto wanaoishi bweni kwa sababu moja tu: hakuna gari la kuwapeleka na kuwarudisha.

Gharama ya kuishi bweni huonekana likizo. Mtoto kiziwi anarudi na lugha ya alama, anasimulia kwa mikono, na nyumbani hakuna anayemwelewa. Mama anamwonyesha sahani, anamwonyesha ndoo, mazungumzo yanaishia hapo.

Anayebaki nyumbani naye ana yake. Mwenye mtindio wa ubongo hupakiwa kwenye bodaboda katikati ya dereva na mama, kafungwa khanga kiunoni ili asidondoke. Kiti mwendo hakipandi pikipiki, kwa hiyo akifika shuleni hubebwa mgongoni. Masika yakianza na makorongo yakijaa, shule inasubiri. Elimu bila ada iliyoanza 2016 iliondoa ada, nauli ikabaki kwa mzazi. Nauli hiyo ni ya watu wawili, kwenda na kurudi, kila siku.

Si lazima tusubiri basi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na mbili kati ya hizo kumi ni za watu wenye ulemavu. Kikundi kimoja kikikopeshwa bajaji, halmashauri ikakipa mkataba wa kubeba watoto wa kitengo cha elimu maalumu asubuhi na jioni, mkopo utalipika na watoto watalala kwao.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inatambua haki yao ya kusoma. Madiwani wa Singida, bajeti ijayo iwe na fungu la usafiri wa watoto hawa, na litajwe kwa jina.