Kuachilia kwa Wakati Wake: Somo Kutoka Al Thumama

Wanachama wengi tunaikumbuka jioni ya tarehe 10 Desemba 2022. Katika uwanja wa Al Thumama, Doha, Youssef En-Nesyri aliruka juu ya kipa wa Ureno akafunga kwa kichwa, na Moroko ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Cristiano Ronaldo, mwenye miaka 37 na aliyeanzia benchi, alitoka uwanjani akilia. Kesho yake bwenini hatukujadili bao. Tulibishana kama mzee astaafu. Hakustaafu.

Uwanja huo una umbo la gahfiya, kofia ya kufuma ya wanaume wa Kiarabu. Watu wa Pwani wakiutazama wanaona kofia zao wenyewe. Tangu unasanifiwa ilipangwa kwamba mashindano yakiisha, viti 20,000 kati ya 40,000 ving'olewe vipewe nchi nyingine.

Biblia nayo inajali sana wakati wa kuachia. Katika Samweli wa Pili, sura ya 12, mtoto wa Daudi anaugua. Daudi anafunga, analala chini, wazee wakimwinua hainuki. Siku ya saba mtoto anakufa, watumishi wanaogopa kumwambia. Akishajua, anaoga, anajipaka mafuta, anabadili nguo, anakwenda kuabudu, kisha anaomba chakula. Tuliposoma mara ya kwanza tulimwona mkavu wa moyo. Lakini alishikilia muda wote ambao palikuwa na la kuomba. Hakuachia hata siku moja mapema. Wahubiri hupenda zaidi kumtaja mke wa Lutu. Kwetu Daudi anafundisha zaidi, kwa kuwa hakuna aliyemkataza kugeuka nyuma.

Upo upande wa pili, wa yule anayemshikilia mwenzake, na hapa chama cha lugha kina la kusema. Musa anapomdai Farao watu wake, Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 haikutumia kitenzi "kuachilia". Ilitumia neno "ruhusa". Neno hilo lina uzito wake Doha. Kwa miaka mingi, chini ya mfumo wa kafala, mfanyakazi mgeni, wakiwemo Wakenya na Waganda walio walinzi na watumishi wa nyumbani, hakuweza kubadili kazi wala kutoka nchini bila ruhusa ya mwajiri. Qatar iliondoa kibali cha kutoka kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018, ikawajumuisha wa nyumbani Januari 2020, na mwaka huohuo ikafuta sharti la kibali cha kubadili kazi. Hata hivyo mashirika ya haki za binadamu yameendelea kuripoti waajiri wanaodai barua ileile. Farao naye aliruhusu, kisha akatandika magari akawafuata hadi baharini.

Kumbukumbu la Torati 15 lina neno zuri tulilolisahau: maachilio, yaani kufuta madeni kila mwisho wa miaka saba. Tarehe ya kuachia inajulikana kabla mkopo haujatolewa, kama viti vya Al Thumama.

Na mfanyakazi mwenyewe je? Wengi wetu tuna shangazi au kaka Ghuba anayesema kila mwaka: mkataba mmoja tu, nyumba ipauliwe. Naomi alihamia Moabu kwa njaa, akazika huko mume na wana wawili. Aliposikia kwao kuna chakula, akainuka. Alirudi Bethlehemu mikono mitupu, na wanawake wa mji wakaulizana kama ndiye. Njiani aliwaachia wakwe zake huru. Ruthu akakataa, Orpa akarudi kwao. Maandiko hayamlaumu Orpa hata kidogo, jambo ambalo tungependa wahadhiri wetu walijadili siku moja. Sisi tulio nyumbani tunapokea fedha za kila mwezi, ada zetu zikiwemo, na hatujawahi kumwuliza anayezituma kama bado anataka kuwa huko.