Kwa Nini Redio Hushika Mbali Zaidi Usiku?



Kila ifikapo tarehe 29 Shaabani, baada ya swala ya magharibi, wengi wetu hungoja habari za mwandamo wa mwezi. Siku hizi simu imechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Lakini wazee wetu waliokulia vijijini wanakumbuka kwamba redio iliyokwaruza mchana kutwa ilianza kusema vizuri giza lilipoingia, tena ikaleta na stesheni za nchi za mbali. Betri zilikuwa zile zile. Kilichobadilika kilikuwa juu angani.

Tuanze na FM, ambayo wengi wetu ndiyo tunayoisikiliza. Mawimbi yake huenda kwa mstari ulionyooka, mfano wa mwanga wa tochi. Kilima cha mawe kikikaa katikati, au mviringo wa dunia ukiuficha mlingoti, matangazo hukatika. Ndiyo sababu ukitoka hapa Miyuji kuelekea Kondoa, stesheni za mjini hupotea njiani moja baada ya nyingine.

Masafa ya kati na masafa mafupi yana njia nyingine. Mwaka 1901 Guglielmo Marconi alipokea ishara ya redio iliyovuka bahari ya Atlantiki, zaidi ya kilomita 3,000. Wataalamu walishangaa, maana dunia ni mviringo, na wimbi lilipaswa kupotelea angani. Mwaka uliofuata Arthur Kennelly wa Marekani na Oliver Heaviside wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walisema lazima juu kuna tabaka linalorudisha mawimbi chini. Edward Appleton alilithibitisha kwa majaribio mwaka 1924, na mwaka 1947 akapewa Tuzo ya Nobeli.

Tabaka hilo huitwa ionosfia. Huanzia kiasi cha kilomita 60 kwenda juu, na hutengenezwa na jua. Miale yake mikali hung'oa elektroni kutoka katika hewa nyembamba ya huko, na elektroni hizo ndizo zinazopinda wimbi hadi likarudi ardhini. Likifika chini huweza kudunda na kupanda tena, kama mpira uwanjani. Mruko mmoja huweza kufika kilomita 2,000 na zaidi.

Sasa, kama jua ndilo linalotengeneza tabaka hilo, mbona mchana ndipo redio inasumbua? Hapa wengi hukwama. Ionosfia ina ghorofa kadhaa. Ile ya chini kabisa, chini ya kilomita 90, haina faida kwa msikilizaji: hewa yake ni nzito kiasi, elektroni hugongana nayo, na nguvu ya wimbi humezwa humo. Masafa ya kati ndiyo yanayoumia zaidi. Jua likizama, ghorofa hiyo hutoweka upesi, wakati ile ya juu, kwenye kilomita 300 hivi, hubaki usiku kucha ingawa imepungua nguvu. Njia inakuwa wazi, na habari za mwandamo nazo hutoka wakati huo huo.

Kupungua nguvu huko nako kuna matokeo yake. Mawimbi ya mita 19 au 25, yanayofaa mchana, usiku huweza kuitoboa ionosfia na kwenda zake, ndipo yanapohitajika ya mita 41 au 49. Idhaa za Kiswahili kama ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, na ya Ujerumani, iliyoanza 1963, zilikuwa zikitaja mita tofauti asubuhi na jioni kwa sababu hiyo.

Mwenye redio ya zamani nyumbani ajaribu masafa ya kati saa tisa alasiri, kisha arudie baada ya isha, bila kuihamisha redio. Atasikia pia mikwaruzo ya ghafla. Mingi ni radi, na usiku radi hiyo yaweza kuwa inapiga mamia ya kilomita kutoka Miyuji, kwani mawimbi yake hupita njia ile ile.