Tunda, Njaa ya Usiku na Maisha ya Mtoto

Kwa miaka mingi, kila msimu wa lichi ulipofika, watoto katika wilaya ya Muzaffarpur nchini India waliamkia degedege na kupoteza fahamu. Mwaka 2014, kati ya wagonjwa 390 waliolazwa katika hospitali mbili, 122 walifariki.

Wataalamu wa India na Marekani walilinganisha watoto 104 wagonjwa na wengine 104 wasiougua ugonjwa huo. Walipima virusi na dawa za kuua wadudu. Jibu likapatikana kwenye tunda lenyewe, linalofanana na shokishoki: lichi, hasa mbichi, ina sumu ya asili inayozuia mwili kutengeneza sukari. Mabaki ya sumu hiyo yalipatikana katika sampuli 48 kati ya 73 za mkojo wa wagonjwa.

Hatari ilizidi kwa mtoto aliyekula lichi mchana, kisha akalala bila chakula cha jioni. Usiku sukari ya damu ilishuka, na ubongo ukakosa nguvu. Ushauri ukawa: mtoto apunguze lichi, ale jioni, na akiugua apimwe na kuongezewa sukari haraka.

Wananchi, mtoto akipata degedege au akizimia, mpeleke hospitalini mara moja. Eleza alikula nini, na lini. Watoto kadhaa wakiugua kwa namna moja kijijini, mjulishe mhudumu wa afya ya jamii siku hiyo hiyo. Uchunguzi huanza na taarifa yako.