Kusoma usanifu wa wingu mtandaoni: Kwa nini video pekee hazitoshi

Mwanachuo anaweza kumaliza video zote za kozi ya huduma za wingu, akafaulu maswali ya kuchagua, na bado asijue pa kuanzia seva ikizima usiku wa manane. Hapo ndipo vyuo vinavyofundisha usanifu wa mifumo ya wingu kwa njia ya mtandao vinapopata mtihani mgumu. Somo ni la vitendo, ila mwalimu na mwanafunzi hawako chumba kimoja.

Habari njema ni kwamba maabara ya somo hili iko mtandaoni tayari. Kinachotakiwa ni kuipanga vizuri.

Wingu ni nini hasa?

Kwa lugha rahisi, ni kukodi kompyuta za mtu mwingine kupitia intaneti na kulipa kadiri unavyotumia. Amazon ilianza kukodisha sehemu ya kuhifadhi mafaili Machi 2006, kisha seva Agosti mwaka huohuo. Barani Afrika, Microsoft ilifungua vituo vyake vya data Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata 2020 na Google 2024.

Kujua kuwasha seva ni kazi ya dakika chache. Msanifu anaamua mambo mazito zaidi: seva ziwe ngapi, zikae wapi, data ilindweje, nani aione, na yote hayo yagharimu kiasi gani.

Mfano: siku ya matokeo

Fikiria tovuti ya matokeo ya kidato cha nne. Miezi mingi imetulia. Matokeo yakitoka, wazazi, walimu na wanafunzi wanaingia kwa pamoja.

Ukinunua seva za kutosha siku hiyo, zitakaa bure mwaka mzima. Ukinunua chache, tovuti inagoma. Kwenye wingu, mfumo unaweza kupangwa uongeze seva wenyewe watu wakijaa, na uzipunguze wakiondoka.

Halafu kuna hesabu. Mfumo unaopatikana kwa asilimia 99 ya muda unasikika mzuri, lakini maana yake ni kuzima zaidi ya siku 3 na nusu kwa mwaka. Ukifika asilimia 99.9, ni chini ya saa 9. Kila hatua ya juu ina bei yake, na mwanafunzi anatakiwa aeleze kwa nini inafaa kulipiwa, au haifai.

Bili nayo ni somo

Chukua mfano wa seva inayotozwa Sh100 kwa saa. Zoezi la saa 2 ni Sh200 tu. Ukiisahau ikiwa imewashwa kwa siku 30, bili ni Sh72,000.

Kwa hiyo kumwambia mwanafunzi afungue akaunti kwa kadi yake ya benki ni hatari, na wengi hata kadi hiyo hawana. Njia mbadala zipo. Microsoft huwapa wanachuo wanaokidhi vigezo dola 100 za kutumia ndani ya miezi 12 bila kuhitaji kadi. Amazon nayo ina mpango wa vyuo unaotoa mtaala na maabara bila malipo. Katika maabara hizo kuna bajeti, na ukiivuka akaunti inafungwa na kazi yako inapotea. Inauma, lakini afadhali ujifunze hapo kuliko kwa fedha za mwajiri.

Intaneti ikikata je?

Mei 12, 2024, hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilivuruga intaneti Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Kwa anayesoma mtandaoni, siku kama hiyo darasa halipo.

Kozi iliyopangwa vizuri hujiandaa mapema: maelezo ya maandishi, video za kupakua ukiwa na bando, na muda wa ziada wa kukusanya kazi. Mazoezi ya kuandika amri kwa maandishi pia hula bando kidogo kuliko video.

Na tukio lenyewe ni swali zuri la darasani: ni sehemu gani ya mfumo wako ikikatika, kila kitu kinasimama?

Mtihani usiwe wa kukariri

Siku hizi majibu ya maswali ya kawaida yanapatikana kwa sekunde kupitia akili unde. Njia inayopima uelewa ni kumpa mwanafunzi mfumo ulioharibiwa makusudi autengeneze, kisha aeleze ana kwa ana kwa simu ya video kwa nini amechagua njia ile. Nakala haiwezi kujibu swali la pili la mwalimu.

Kabla hujalipa ada, uliza haya

• Kuna maabara halisi, au ni video tu?
• Nani analipia matumizi ya wingu, na bajeti ikiisha inakuwaje?
• Nahitaji kadi ya benki?
• Masomo yanapakulika?
• Nani ataikagua kazi yangu na kunieleza nilipokosea?

Cheti kitakufikisha kwenye usaili. Ukiulizwa mfumo wako utafanya nini seva moja ikizima, utajibu kwa sababu uliwahi kuizima mwenyewe maabara.