Barafu ya Kamba, Barafu ya Hoki

Mchuuzi wa kamba katika delta ya Rufiji hununua vitu viwili kabla hajamwona kamba hata mmoja: petroli ya mashine ya boti, na barafu. Petroli itamfikisha kwa wavuvi. Barafu itamrudisha na mali inayouzika. Akiikosa hiyo ya pili, safari nzima ni hasara, maana kamba aliyetoka majini kwenye joto la nyuzi 30 hamngoji mtu.

Sehemu kubwa ya delta hiyo iko Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani. Mikoko yake, hekta zipatazo 53,000, ndiyo msitu mkubwa zaidi wa mikoko ulioungana katika pwani ya Afrika Mashariki. Kamba hutaga baharini, lakini wachanga wao huingia mitoni na maji ya kujaa, wakakulia kwenye tope na mizizi ambako samaki wakubwa hawawafikii kwa urahisi, kisha hurudi baharini wakiwa wamekomaa. Wavuvi wadogo wenye mitumbwi na nyavu huwavua, wachuuzi huwakusanya vijijini, na mzigo unaopitia gati la Nyamisati hupanda gari hadi Bungu, kwenye barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Tangu wavu utoke majini hadi mzani wa mnunuzi, jambo moja huamua sana bei: joto limeingia kiasi gani.

Wataalamu wa samaki wana hesabu fupi ya kukadiria mwendo wa kuoza. Chukua nyuzi joto za samaki, gawa kwa 10, ongeza 1, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Kwenye nyuzi 0 jibu ni 1. Kwenye nyuzi 10 ni 4. Kwenye nyuzi 30 ni 16. Kwa makadirio hayo, saa moja ya kukaa bila barafu katika mchana wa Rufiji huondoa uhai wa sokoni sawa na saa 16 za kukaa ndani ya barafu. Kamba ana tatizo la ziada. Vimeng'enya vilivyomo kichwani mwake hufanya kazi hata baada ya yeye kufa, na vikikutana na hewa huacha madoa meusi kwenye gamba. Madoa hayo hayamdhuru mlaji, ila mnunuzi akiyaona hushusha bei palepale. Baridi huvipunguza kasi vimeng'enya kama inavyowapunguza kasi bakteria.

Barafu kiasi gani basi inatosha? Kilo 10 za kamba wenye joto la nyuzi 30 huhitaji kilo 3 na kidogo tu za barafu ili zishuke hadi nyuzi 0. Mchuuzi akisikia hivyo atacheka, kwa sababu anajua kwamba kilo 3 haziwezi kumvusha hata nusu ya safari. Naye yuko sahihi. Hesabu hiyo inahusu joto lililomo ndani ya kamba peke yake. Joto linaloendelea kupenya kutoka nje halimo. Ndiyo maana ushauri wa kawaida kwa nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya mzigo, na zaidi kama njia ni ndefu.

Nguvu ya barafu haitokani na ubaridi wake peke yake. Maji ya nyuzi 0 nayo ni baridi vilevile, lakini hayafiki popote. Siri iko katika kuyeyuka. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334 za joto bila yenyewe kupanda hata nyuzi moja. Wanafizikia huliita joto fichi. Joto hilohilo lingetosha kuyapandisha maji ya kilo moja kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Kila tone linalodondoka chini ya deli, sanduku la mchuuzi la kutunzia baridi, limeondoka na joto ambalo lingeingia kwenye kamba. Barafu isiyoyeyuka haifanyi kazi. Barafu inayoyeyuka pasipo kugusa kamba imepotea bure.

Hapo ndipo deli linapopata umuhimu. Kuta zake zimejazwa povu gumu lenye vijishimo vingi vya hewa iliyonaswa, na hewa isiyotembea hupitisha joto kwa shida. Kabla ya povu hilo kuvumbuliwa, wafanyabiashara wa barafu walitumia maranda na vumbi la mbao kwa sababu ileile. Mwaka 1833 Frederic Tudor wa Boston, Marekani, alipakia kiasi cha tani 180 za barafu iliyokatwa ziwani wakati wa majira ya baridi, akaipeleka Calcutta, India, safari ya miezi minne iliyokatiza ikweta. Zaidi ya nusu ilifika ikiwa bado barafu. Rufiji ni nchi ya mpunga, na pumba za mpunga, zikiwa kavu, hushika hewa kwa namna hiyohiyo. Zikilowa hazifai tena, kwani maji hupitisha joto mara nyingi zaidi ya hewa.

Adui mwingine wa barafu ni ratiba ya bahari. Maji yakipwa, mifereji mingi ya delta huwa myembamba na vina vyake havitoshi boti lenye mzigo. Mchuuzi hukaa akisubiri maji yajae, deli likiwa juani. Anayejua kazi yake hulifunika kwa turubai au makuti, wala halifungui kila mara kuangalia kilichobaki.

Kaskazini, Nairobi, kuna barafu nyingine inayopigana vita hivyohivyo. Mwaka 2005 hoteli ya Panari, katika barabara ya Mombasa, ilifungua uwanja wa kuteleza kwenye barafu wenye ukubwa wa karibu mita za mraba 1,400, wa kwanza wa aina yake Afrika Mashariki. Jiji liko kilomita 140 hivi tu kusini mwa ikweta. Ndani ya jengo hilo, vijana wengi walioanza kwa viatu vya magurudumu juu ya lami walijifunza mchezo wa magongo wa nchi za baridi, wakaunda timu iitwayo Kenya Ice Lions. Mwaka 2018 wachezaji wake walialikwa Kanada, wakacheza pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Septemba 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu.

Uwanja wa namna hiyo ni deli lililogeuzwa. Chini ya barafu yenye unene wa sentimita tatu hivi kuna sakafu ya zege, na ndani ya zege kumelazwa mabomba. Katika viwanja vingi mabomba hayo hupitisha maji yenye chumvi ya kalisi kloridi, ambayo hubaki majimaji hata yakiwa nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Maji hayo huchukua joto la barafu na kulipeleka kwenye mashine ya ubaridi, nayo hulitupa nje. Mashine ikizimwa, barafu huanza kurudi kuwa maji. Joto huingia kutoka paa, taa, pumzi za watazamaji na miili ya wachezaji.

Mpenzi wa hoki aliyeajiriwa kwenye uwanja wa barafu, awe Toronto au Nairobi, hutumia saa nyingi zaidi kuitunza sakafu kuliko kuutazama mchezo. Hufika kabla ya wanafunzi wa asubuhi na mara nyingi huondoka baada ya mechi ya mwisho ya usiku. Hupima joto la barafu, hutoboa kuangalia unene, hukwangua kingo ambako mashine haifiki, hujaza mashimo yaliyochimbwa na ncha za viatu. Hoki hupendelea barafu ngumu ya nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri. Wanaoteleza kwa mitindo ya sanaa huipenda iwe laini kidogo, ili kiatu kishike wanaporuka. Kabla ya mechi, visahani vya mpira mgumu vinavyopigwa kwa magongo hugandishwa, kwa kuwa vikiwa na joto hudundadunda badala ya kuteleza.

Kati ya kipindi na kipindi hupita mashine kubwa inayokwangua tabaka jembamba la juu na kumwaga maji mapya. Maji hayo mara nyingi ni ya moto, nyuzi 60 au zaidi. Mgeni hushangaa, lakini sababu ipo: maji ya moto huyeyusha kidogo mikwaruzo ya chini na kushikamana nayo yanapoganda, tena yana hewa kidogo ndani yake, hivyo barafu hutoka ngumu na angavu.

Na kwa nini barafu huteleza? Kwa miaka mingi vitabu vilisema uzito wa mtu huiyeyusha chini ya kiatu. Hesabu inakataa. Kushusha kiwango cha kuyeyuka kwa nyuzi moja tu kunahitaji shinikizo la karibu mara 130 ya lile la hewa, na ubapa wa kiatu hauwezi kueleza utelezi wa barafu yenye baridi kali. Mwaka 1850 Michael Faraday wa London alitoa wazo jingine: uso wa barafu una utando mwembamba unaofanana na maji hata chini ya nyuzi 0. Alionyesha kwamba vipande viwili vya barafu vikigusanishwa hushikana. Kila mchuuzi wa kamba amekwisha kuliona jambo hilo, pale barafu aliyoivunja vipande asubuhi inapokuwa bonge moja mchana. Leo wanasayansi wanakubali kwamba molekuli za juu kabisa hazijafungwa imara kama zile za ndani, na kwamba msuguano nao huchangia joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta utelezi ukiwa mkubwa zaidi karibu na nyuzi 7 chini ya sifuri.

Biashara hizi mbili, ya barafu ya chakula na ya barafu ya michezo, ziliwahi kukutana katika familia moja. Huko California, Frank Zamboni na mdogo wake walikuwa na kiwanda cha mabonge ya barafu ya kupozea mazao yaliyosafirishwa kwa treni. Majokofu yalipoenea, wateja wakapungua. Wao wakauchukua ujuzi wao wa mitambo ya ubaridi na kufungua uwanja wa kuteleza mwaka 1940. Kutengeneza upya sakafu yake kulikuwa kukichukua watu kadhaa zaidi ya saa moja, kwa kukwangua, kuosha na kumwagia maji. Baada ya majaribio ya miaka kadhaa, mwaka 1949 Frank alikamilisha mashine ya kufanya yote hayo kwa dakika chache, na hadi leo mashine hizo huitwa kwa jina lake.

Delta ya Rufiji haihitaji uwanja wa hoki. Inahitaji barafu itengenezwe karibu na kamba. Juu zaidi kwenye mto huohuo, Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115 kwa jumla. Mtambo wa kwanza uliingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Kiwanda kidogo cha barafu kwenye gati kingepunguza safari ya barafu yenyewe, ambayo leo huyeyuka njiani kwenda kwa mvuvi kabla haijapoza chochote. Hilo ni jambo la kuamuliwa na halmashauri, vyama vya wavuvi na wenye mitaji, na hesabu zake si ngumu.

Wakati hilo likisubiriwa, mchuuzi anaweza kuanza na alicho nacho. Vunja barafu iwe vipande vidogo, kwa kuwa vipande vidogo hugusa kamba wengi zaidi. Panga kwa tabaka, barafu chini, kamba, barafu tena, na ya juu iwe nene. Ukitaka kuwapoza haraka wakingali wabichi, changanya barafu na maji safi ya bahari ndani ya ndoo na uwatumbukize kwanza. Maji hufika penye nafasi ambazo kipande cha barafu hakifiki, na chumvi huyashusha chini kidogo ya nyuzi 0. Kisha waweke kwenye deli, wacha maji machafu yatoke kwa tundu la chini, funika, weka kivulini. Na usipakie kamba wengi kuliko barafu uliyonayo.