Mazuku na parseli: labo inapimaje udongo unaopitisha hewa?

Mtu wa Goma ao Sake akisikia neno mazuku, hahitaji maelezo mengi. Ni ile gazi ya CO2 inayotoka chini ya ardhi. Haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida karibu mara 1,5. Inatulia mashimoni, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati upepo umelala. Mbuzi na watoto ndio inawapata kwanza, juu pua zao ziko karibu na chini.

Sasa mwenye kutaka kununua parseli anauliza: udongo wa hapa unapitisha hewa kiasi gani? Labo inaweza kujibu.

Kwanza wanachukua pete ya chuma, ukubwa wake karibu sawa na mukebe mdogo wa tomate, wanaishindilia polepole ndani ya udongo. Kazi yote inasimama hapo. Pete ikitikisika, udongo unapasuka na jibu linakuwa la uongo. Kisha wanakata juu na chini kwa kisu, wanafunika pande zote mbili.

Kule labo, udongo unanyweshwa maji kutoka chini, halafu maji yanavutwa kwa nguvu ileile kwa kila pete. Juu ya nini? Maji yanaziba njia za hewa. Udongo mubichi na udongo mukavu haviwezi kulinganishwa. Mwishowe wanasukuma hewa upande mmoja, kwa nguvu ndogo sana isifungue njia mpya, na wanapima ngapi inatokea upande wa pili kila dakika. Hesabu yake inatoka kwa Mufaransa Henry Darcy, aliyeitoa mwaka 1856 akipima maji yanayopita ndani ya muchanga.

Jambo linaloshangaza wengi ni hili: wingi wa matundu hausemi yote. Tundu lenye upana mara mbili linapitisha hewa mara 16, kama musukumo ni uleule. Kwa hiyo njia moja ya munyoo ao ya muzizi uliooza, ikitoboa pete yote, inashinda maelfu ya matundu madogo. Pete mbili za shamba moja zinaweza kutofautiana mara 10 ao zaidi, na hakuna aliyekosea.

Hapo ndipo mununuzi anapaswa kuwa mwangalifu. Ardhi ya volkano ina nyufa ndefu ndani ya mawe, na pete ya mukebe wa tomate haiwezi kuona ufa unaopita metre mbili pembeni yake. Udongo uliobana vizuri kule labo unaweza kuwa umelala kando ya mulango wa mazuku.

Kwa hiyo gazi yenyewe inapimwa palepale kwenye parseli, kwa chombo kinachoteremshwa mpaka chini ya shimo, tena zaidi ya mara moja, na asubuhi mapema isisahauliwe. Chombo ndicho kinashuka. Mtu anabaki juu.