Njia Tatu za Kupanda Mlima Kenya

Atakaye kuupanda Mlima Kenya hana budi kuchagua njia kwanza. Batian, kilele chenye mita 5,199, kilichofikiwa mara ya kwanza mwaka 1899 na Halford Mackinder na wenziwe wawili, ni jabali tupu; hakipandwi ila kwa kamba na ustadi. Lakini Lenana, chenye mita 4,985, hufikiwa kwa miguu.

Njia ya Naro Moru, upande wa magharibi, ni fupi, nayo hupita katika kinamasi chenye kuchosha. Ya Sirimon, kaskazini-magharibi, hupanda pole pole zaidi. Ya Chogoria, mashariki, ndiyo yenye maziwa: mpandaji aweza kupitia Ziwa Ellis, kisha hufuata ukingo wa genge kubwa, na chini yake huliona Ziwa Michaelson limetulia kama kioo.

Wengi huipenda njia fupi, na hapo ndipo penye hatari. Huko juu hewa ni nyepesi, na mwili hutaka siku kadhaa kuizoea. Aumwaye kichwa na kutapika asizidi kupanda. Hali ikizidi kuwa mbaya, na ateremshwe mara moja, ijapokuwa ni usiku. Kilele kitakuwapo mwakani, aliyekufa harudi.